Aliyeijaribu Kompyuta ni Baba Mkwe, na Jina Lake Silitaji

Mpendwa Bi. Shamimu,

Shikamoo. Naomba unipokee na shida yangu, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana wenzangu niliowasimulia wote walicheka, mmoja mpaka akakaa chini, na mimi shida hii hainichekeshi hata kidogo, inaninyima hamu ya kula, ingawa nikiitazama vizuri naona imetokana na wema mtupu niliotendewa, na labda ndiyo maana inanielemea hivi, kwa sababu mtu aliyekutendea ubaya unaweza kumnunia ukaendelea na maisha, lakini aliyekutendea wema usipomshukuru utamtazamaje.

Mimi ni mwanamke wa hapa Mikumi, mama wa watoto wawili, mkubwa anaitwa Natalia, na kwetu ni milimani juu ya Kilosa ambako nililelewa Kianglikana na kusomeshwa shule ya misheni. Nimeolewa na Yared, dereva wa watalii hapa hapa Mikumi, na wazazi wake wako Kimamba, walitoka Rungwe zamani sana kufuata kazi ya mkonge, mkonge ukaisha wao wakabaki. Baba mkwe alikuwa karani wa shamba na mwalimu wa kwaya ya wafanyakazi, na sasa amestaafu vyote viwili, ingawa kwaya hajaiacha, anaibeba kifuani.

Sasa kwao, Bi. Shamimu, mkwe anaheshimiwa kwa namna ambayo sisi wa milimani hatuna. Mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, hamkodolei macho, hapishani naye mlangoni, anamwamkia kutoka mbali akiwa ameinamisha kichwa, na jina lake halitamki kabisa, hata akiwepo jirani mwenye jina hilo hilo itabidi umtafutie huyo jirani jina jingine. Siku hizi wengi wameacha, wake wa shemeji zangu wanampa mkono na kumwita baba fulani bila wasiwasi, lakini mimi niliposimuliwa desturi hii nilipokuwa bibi harusi niliipenda, niliona ni njia nzuri ya kumwambia mzee kuwa namheshimu, nikaishika kwa mikono miwili mpaka leo, na mama mkwe alikuwa akinisifia kwa wageni kuwa mkwe wake wa milimani ameshika mila kuliko waliozaliwa nayo, na mimi nikawa navimba kichwa kidogo, sikufichi.

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za chuo kimoja cha ufundi, na pembeni, kwa mapenzi tu, nachangia mfumo endeshi wa bure unaotengenezwa na watu wa dunia nzima, hasa kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayogawia programu zote nafasi ya kufanyia kazi. Nitakueleza kwa ufupi ili uelewe mzee aliingiaje humu. Kompyuta ina ramu, yaani kumbukumbu ya kazi, na ramu ikijaa kiini huchukua kurasa, ndivyo tunavyoviita vipande vya ramu, ambazo kwa wakati huo hazitumiki kikazibana ziwe ndogo na kuziweka pembeni humo humo, ili kisilazimike kuzipeleka kwenye diski ambako ni mwendo wa konokono, na zikihitajika kinazikunjua. Ni kama kupanga begi la safari, nguo ukizikunja vizuri begi linameza za nyumba nzima. Kwa kompyuta za zamani zenye ramu ndogo, kama zetu za chuo, kubana huku ndiko kunakozifanya ziendelee kuishi, lakini zetu zilikuwa zinaganda bila sababu ninayoielewa, na nilihangaika nazo muda mrefu nikilaumu diski.

Nilipojifungua mtoto wa pili mama mkwe akasema uzazi nitalelewa kwake Kimamba na si penginepo. Chuo kikanipa ruhusa niende na kompyuta moja katika zile zilizokuwa zinaganda, na nilipofika nikagundua kuwa baba mkwe ana kazi yake. Ana kaseti za zamani za kwaya ya mkonge, za Kimamba na Rudewa, fundi mmoja wa mjini alizihamishia kwenye flashi, na mzee alikuwa anazisikiliza na kuyaandika maneno yake kwa mkono, kwa sababu waliokuwa wanaziimba wamebaki wachache na nyimbo nyingine hakuna anayezikumbuka zaidi yake. Nikamwambia mama mkwe amwambie mzee kompyuta ipo, aitumie. Na hapo ndipo tukaanza maisha ambayo sijawahi kuyaona kwingine.

Chumba chenye umeme wa uhakika ni kimoja, sebule. Asubuhi mtoto akilala mimi nilikuwa ndani nafanya kazi yangu, na mzee alikaa barazani, Bi. Shamimu, mzee mwenye nyumba yake, anakaa barazani na redio yake mpaka nimalize, jua likimfuata anasogeza kiti, na hakuna siku aliyotuma mtu kuniharakisha. Mchana mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma, yeye akakohoa kwanza pale mbele ili kama bado nimo nijue anaingia, halafu akaingia kuandika nyimbo zake. Tulitumia mashine moja, kiti kimoja, meza moja, na hatukuwahi kukutana ndani ya chumba kile hata mara moja. Habari za mashine alizibeba mama mkwe.

Siku moja mama mkwe akaja jikoni akasema, "Mama Natalia, mzee anasema akiwa anaandika tu, hata aandike kitabu kizima, mashine inakwenda. Akifungua nyimbo mbili tatu, inaganda."

Nikamwambia, "Muulize, mama, ikikaribia kuganda anaona nini?"

Akatoka, akarudi. "Anasema haoni kitu, anasikia. Feni inapanda sauti kama soprano aliyekosea kushika wimbo, halafu ndiyo inaganda."

Nilisimama na mwiko wa ugali mkononi. Diski ikichelewa feni haina sababu ya kupandisha sauti, feni inalia pale ubongo wa kompyuta unapotumikishwa, na ubongo ulikuwa unatumikishwa na nini kama si kubana? Rekodi za nyimbo zilikuwa zimeshabanwa tangu zilipotengenezwa, hazina pa kubanwa tena, na kiini kilikuwa kinahangaika kukunja sufuria kama vile ni kanga, kikishindwa kinaitupa kwenye diski, ikirudi kinaanza upya kuikunja. Mzee hakujua hayo, alijua sauti tu, na mimi nilijua hayo lakini sauti nilikuwa siisikii, tena nilikuwa naifanyia kazi mashine hiyo hiyo kila asubuhi.

Basi nikaandika badiliko, dogo tu, kwamba ukurasa ukikataa kubanwa usisumbuliwe tena, uachwe ulivyo, ushike zamu yake pamoja na wenzake mpaka zamu yake ya kuondoka ifike. Kulisema ni rahisi, kulipatia ndiko kulikonitoa jasho, na kila nilipolibadilisha mzee alilijaribu mchana wake kwa kufungua nyimbo na kukaa kimya akisikiliza feni, kisha ujumbe ukaja, bado, au afadhali, au leo imeganda nikiwa kwenye ubeti wa mwisho, mwambie asikate tamaa. Mama mkwe alichoka. "Nyie wawili mtanimaliza miguu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. "Si muongee tu?" Mimi nikajifanya nasonga ugali, na kule barazani redio ikaongezwa sauti.

Mwishowe badiliko likakaa sawa. Nikarudi Mikumi, mashine nikamwachia mzee kwa ruhusa ya chuo, nikalituma badiliko kwa wakaguzi wa kiini, na sasa ndiyo nakuja kwenye kosa. Kule kuna utaratibu mzuri sana ambao mimi huwa unanigusa, kwamba kila badiliko hubeba chini yake majina ya waliolisaidia, aliyetoa taarifa ya tatizo, aliyelijaribu, aliyelikagua, na majina hayo yakishaingia hayafutiki, mtu yeyote popote duniani akilifungua baada ya miaka atayakuta. Wengine hutuma wenyewe mstari wenye jina lao, lakini mzee wetu hana hata anwani ya barua pepe, na nani wa kumwambia. Nikaandika, aliyetoa taarifa na kujaribu ni Baba Mkwe, Kimamba. Mkaguzi mmoja wa nchi za mbali akaniuliza kwa upole kama hilo ndilo jina ambalo mtu huyo anajulikana nalo, kwa sababu wao hupokea majina ya watu halisi. Nikakaa mbele ya kibodi. Vidole vilikataa, Bi. Shamimu, niliona kama nikiliandika mzee atasimama mlangoni na mimi sina pa kujificha. Nikaandika jina la Yared.

Yared ambaye hajawahi kuigusa mashine ile! Mkaguzi akajibu, "Mfikishie Yared shukrani zangu, majaribio yake yameniridhisha kuliko maelezo yako." Nikamsimulia mume wangu tukacheka, akawasimulia madereva wenzake kama utani, utani ukapanda bodaboda ukafika Kimamba ukiwa si utani tena, na Jumapili ya ibada ya shukrani, tulipokwenda huko, mchungaji akatangaza kuwa kijana wetu Yared amefanya kazi ya kompyuta itakayotumika dunia nzima, tumshukuru Mungu. Baba mkwe akasimama, akainua mikono, akaongoza wimbo wa shukrani mpaka mwisho. Baada ya ibada mama mkwe akatuletea jogoo amemshika miguu, akasema, "Mzee anasema hongera kwa Yared," na alipokuwa anasema hivyo alinitazama mimi, si Yared.

Yared alimla yule jogoo, lakini kimya kimya. Si mtu mbaya mume wangu, mambo yalimpita mbio naye aliona haya kuyarudisha nyuma. Yeye anasema tuache tu, jina la ukoo ni lile lile.

Ningeweza labda kuacha, lakini baada ya jogoo huyo nilipeleka Kimamba toleo la mwisho la badiliko, na mzee akalijaribu kama kawaida, hakukataa, hakuuliza neno, na jibu likaja: "Mwambie mama Natalia haigandi tena, nyimbo zote ziko wazi na feni imetulia. Mwambie nimemaliza ule wimbo wa Rudewa. Mwambie asante." Ananishukuru mimi! Mtu aliyenipa sebule yake, aliyekaa juani, aliyewanyamazisha ndugu waliosema nachezea kompyuta badala ya kulea, akawaambia mwacheni, anafanya kazi. Nimelia mpaka Natalia akaanza kunifuta machozi.

Mkaguzi ameniandikia kuwa yuko tayari kulipokea badiliko hivi karibuni, anasubiri nimwambie tu kuwa toleo hili ndilo la mwisho. Nikisema ndiyo, jina la mzee limepotea daima. Nikilitaja, nimevunja heshima niliyoishika miaka yote ya ndoa yangu, na nimemuaibisha mume wangu kanisani. Nifanyeje? Yared ameisoma barua hii na amekubali itumwe kama ilivyo, na mzee hasomi gazeti, yeye ni mtu wa redio.

Ni mimi,
Mama Natalia, Mikumi

JIBU LA BI. SHAMIMU

Mama Natalia, marahaba.

Sikucheka. Haya, nilicheka kidogo pale kwenye soprano, unisamehe. Baada ya hapo niliiweka barua yako mezani nikaenda kuchemsha chai, kwa sababu kazi yangu hii inaniletea barua za wakwe kila wiki, na karibu zote ni za mkwe kanifukuza, mkwe kaniroga, mkwe kaniita mchawi mbele ya watu. Yako ni ya mkwe aliyekaa juani ili wewe ufanye kazi. Hata mimi nisiyekujua nimefurahi kwamba mzee wa namna hiyo yupo na anakohoa Kimamba. Kwa hiyo kabla ya lolote, mshukuru Mungu kwa shida uliyonayo, maana wapo wanaoiombea.

Sasa kaa vizuri nikuambie.

Mimi ni Mwislamu wa Tindiga, mila za Rungwe sizijui na sitajitia ujuzi nisio nao. Lakini kusoma najua, na umenieleza mwenyewe kuwa desturi inakutaka usilitaje jina la mzee. Imekutaka hilo tu. Hakuna mahali ilipokuagiza utaje la mtu mwingine. Hilo la pili umeliongeza wewe, halafu ukalivika kanzu ya heshima likapendeza. Mama, uliogopa. Kuogopa kunasameheka, ila usikuite jina lisilo lake. Ungeuacha mstari ule wazi, ukamwandikia yule mkaguzi kuwa kwenu kuna jambo la heshima unalishughulikia, naye angesubiri. Mtu aliyeuliza kwa upole mara ya kwanza si mtu wa kukufokea mara ya pili.

Na usinitajie vidole vilivyokataa. Vidole hivyo hivyo viliandika jina la Yared bila kusita.

Nimekukaripia, sasa nikupoze. Umeishika desturi ambayo hukuzaliwa nayo, ukaishika kwa kupenda na si kwa kulazimishwa, na mzee amekuona. Unadhani kwa nini alikuwa anakohoa? Angeweza kuingia tu, nyumba ni yake. Naye alikuwa anailinda heshima yako kama wewe ulivyoilinda yake. Mmefanya kazi moja bila kuonana, nyote wawili mkiwa waangalifu msikanyagane, na mashine ikapona. Kwa hiyo sitakuambia uivunje desturi. Iache ilivyo. Kama kuna siku ya kukufungulia mdomo, mwenye kuufungua ni yeye, na akitaka atajua namna.

Lakini kuna sentensi umeiandika mwenyewe katikati ya barua ukaipita mbio kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Umesema wengine hutuma wenyewe mstari wenye jina lao. Nilisimama hapo nikairudia. Yaani huko kwenu kwenye kiini mtu aliyejaribu anaruhusiwa kujitaja mwenyewe? Kwa hiyo hakuna anayekutaka wewe ulitaje! Mzee atalitaja kwa mkono wake, na wewe mdomo wako na vidole vyako vitabaki safi kama siku ya harusi. Jibu ulikuwa nalo wakati wote, ukalifukia kwa visingizio viwili ambavyo sasa nitavifukua.

Kisingizio cha kwanza, hana anwani ya barua pepe. Hivi kweli, fundi mzima wa kompyuta unaniambia hivyo bila kuona haya? Ameandika ubeti kwa ubeti nyimbo za kaseti zilizochakaa kwenye mashine inayoganda, alikuwa karani maisha yake yote, halafu atashindwa na mstari mmoja? Barua pepe inafunguliwa kwa muda wa kuchemsha mayai.

Kisingizio cha pili, nani wa kumwambia. Mama mkwe wako! Mwanamke ametembea baina ya jiko na baraza mpaka akalalamikia miguu, amebeba habari za feni na za diski ambazo hazimhusu, na ndiye aliyekutazama wewe siku ya jogoo. Anajua. Nakuhakikishia anajua tangu siku hiyo, anakusubiri tu uanze. Mpe na hilo la mwisho alibebe, na safari hii mbebe naye kidogo, mnunulie hata kitenge.

Nataka pia uelewe jambo hili. Wewe na mume wako mmeamua mambo mengi kuhusu jina la mzee, na hakuna aliyemuuliza mwenye jina. Labda analitaka pale. Labda atasema mimi wa nini, andikeni Kimamba inatosha. Akikataa, basi mstari ubaki mtupu na moyo wako utulie, kwa kuwa ameamua mwenyewe. Lakini aulizwe.

Yared, najua na wewe unasoma, kwa hiyo njoo hapa karibu. Umekubali barua hii itoke kama ilivyo na jina lako likiwa ndani, na hilo ni la kiume, nakupongeza kwa dhati. Baada ya pongezi, sikiliza. Jina la ukoo ni lile lile, sawa, lakini ukoo haukukaa mchana kutwa ukisikiliza feni. Alikaa mtu mmoja. Umekula jogoo wa kazi ambayo hukuifanya, na ulimla kimya kimya kwa sababu ulijua. Basi utakwenda Kimamba na jogoo aliye hai, mkubwa kuliko yule, utamkabidhi baba yako kwa mikono yako miwili na kumwambia, hii hongera ilipotea njia, nairudisha kwa mwenyewe. Halafu utamwona mchungaji na kumwomba dakika moja Jumapili. Usimwachie mkeo kazi hiyo. Aliyetangazwa ni wewe, aliyetangazwa ndiye asimame. Watu watacheka kidogo, watakuita dereva wa kompyuta mwaka mzima, na kisha watakuheshimu. Aibu ya namna hiyo inaisha kabla ya mavuno, na ile nyingine ungezeeka nayo.

Ni hivi basi, mama Natalia. Leo hii, kabla hujaweka gazeti chini, mwandikie mkaguzi kuwa jina la aliyejaribu lilikosewa na wewe ndiye uliyelikosea, liondolewe, na asubiri mwenye mstari autume mwenyewe. Usimsimulie ukoo mzima, maneno machache yanatosha. Kisha nendeni Kimamba wote, na watoto, na jogoo. Nendeni upesi, maana umesema mzee hasomi gazeti, lakini Kimamba wapo wanaolisoma, na gazeti hili huwa linafika huko kwa kuchelewa. Mlitangulie.

Mkifika, mwamkie kutoka mbali kama siku zote, kichwa chini. Mama mkwe apeleke barazani maneno haya bila kuongeza wala kupunguza: mama Natalia anasema kazi hii ni yako na yake, alikosea mahali pa jina, anakuomba ulitaje mwenyewe kama unapenda, na anakushukuru kwa jua ulilokaa. Halafu nyamaza. Usitume maelezo, usitume machozi, mzee ameshakuelewa kwa mambo magumu kuliko hilo. Yared ndiye aingie naye sebuleni, amfungulie barua pepe, amwonyeshe pa kuandika, kisha atoke amwache.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mama, nikilitafuta jina la mzee huyu. Nimekutana na la mume, la mtoto, mpaka la Rudewa nimelikuta. Lake halimo. Nilitaka kumshukuru hapa gazetini kwa niaba ya wote wenye kompyuta za zamani, nikakosa pa kuanzia, na hapo ndipo nilipoelewa ulichokuwa unakilia. Dunia nzima ikishukuru kwa feni iliyotulia, isije ikakosa pa kuanzia kama mimi.

Kwa hiyo siku hiyo mbadilishane. Yeye awe ndani, mbele ya meza ile, na wewe ndiye ukae barazani kwenye kiti chake. Jua likikufuata, sogeza kiti. Usimharakishe, usichungulie, na wala usiombe kusomewa alichoandika. Kaa tu usikilize. Akikohoa, ujue ameshalitaja.